Uujue mwili wako kwanza: mwongozo wa raha ya mwanamke

Kicheni pati nyingi za hapa Dodoma hufundisha mambo mawili: kumpikia mume na kumridhisha kitandani. Bibi harusi anakalishwa kwenye mkeka, anaonyeshwa kukata kiuno, anaambiwa asilale na chupi, asikatae akiitwa, asikose kitambaa safi cha kumfutia mwenzake. Akitoka hapo ana masufuria, ndoo, jagi la umeme na mafunzo kamili kuhusu mwili wa mtu mwingine. Kuhusu mwili wake mwenyewe ameambiwa auoshe.

Mwongozo huu unaanzia pale mashangazi wanapoishia. Ni wa mwanamke mtu mzima, awe ameolewa au hajaolewa, awe na hamu nyingi au awe ameanza kujiuliza kama hamu aliwahi kuwa nayo. Mume naye asome, tena asome kwa utulivu. Viungo nitavitaja kwa majina, maana huwezi kumwelekeza mtu mahali usipopataja.

Hatua ya kwanza: shika kioo

Kile kioo kidogo cha fremu ya plastiki kinachouzwa sokoni Majengo pamoja na vitana na pini za nywele kinatosha. Funga mlango, egemea ukuta, kunja magoti, panua mapaja, weka kioo katikati. Mwanga utoke mbele yako. Tochi ya simu inasaidia. Vidole viwe safi na kucha fupi.

Juu kabisa, penye vinyweleo, ni kinena. Chini yake kuna mashavu makubwa ya uke, na ndani yake mashavu madogo, ambayo kwa wanawake wengi si madogo hata kidogo: yananing'inia, yana mikunjo, moja limezidi jingine, rangi imekolea kuliko ngozi ya paja. Yote hayo ni kawaida. Picha za kwenye simu zimechaguliwa na kusafishwa, usijipime nazo.

Fuata mashavu madogo kwenda juu mpaka yanapokutana. Hapo kuna kikofia cha ngozi. Kivute taratibu kwenda juu utaona kichwa kidogo, laini, chenye rangi ya waridi au ya zambarau. Hicho ni kichwa cha kinembe, kile ambacho mtaani wanakiita kisimi au kiharage. Ukishuka kidogo unakuta tundu dogo la mkojo, halafu mlango wa uke.

Hicho kichwa unachokiona ni ncha tu. Nyuma yake kuna shina linalozama ndani, likagawanyika kuwa miguu miwili inayopita kando ya mifupa ya nyonga, na mafundo mawili ya nyama laini yanayoukumbatia mlango wa uke kulia na kushoto. Chote kwa pamoja kinafika sentimita 9 hadi 11. Kimejengwa kwa tishu za aina moja na za uume, na kama uume, mwanamke akipata ashiki kinajaa damu na kuvimba. Vitabu vya udaktari vilikichora kama nukta kwa miaka mingi, mpaka Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo kutoka Melbourne, Australia, alipochapisha mwaka 1998 vipimo vyake vya kiungo kizima.

Neva zake nazo zimehesabiwa juzi tu. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walikuta nyuzi zaidi ya 10,000 katika neva za kinembe. Idadi ya 8,000 iliyokuwa ikitajwa kila mahali ilikuwa imetokana na ng'ombe. Kwa Wagogo, wenyeji wa hapa, kuheshimu ng'ombe si jambo geni, ila hapa wataalamu walizidisha.

Sasa linganisha na uke wenyewe. Theluthi ya nje, karibu na mlango, ina hisia nzuri. Kule ndani zaidi hisia ni chache. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuingiliwa kwa nguvu, kwa muda mrefu, na mwanaume anayejisifu, akaamka kuchemsha chai kama kwamba hakuna kilichotokea. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, uliohoji wanawake zaidi ya 1,000, ni takribani 18 kati ya kila 100 waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni. Waliobaki wengi walihitaji kinembe kiguswe, au kikiguswa raha inazidi. Kama nawe hufiki kwa kuingiliwa tu, uko upande wa wengi.

Kama ulikeketwa, usiiruke sehemu hii

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Manyara peke yake ndiyo iliyotutangulia. Mwongozo wa raha ukiandikwa Dodoma bila kugusa jambo hili, basi umeandikiwa watu wa kwingine.

Wengi hawaikumbuki siku yenyewe. Huku kwetu na kwa jirani zetu Wanyaturu wa Singida kuna kinachoitwa lawalawa, muwasho na uchafu sehemu za siri za mtoto, na watu waliaminishwa kuwa dawa yake ni kukata. Lawalawa ni maambukizi tu, ya fangasi, ya bakteria au ya njia ya mkojo, na zahanati inayatibu. Lakini Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 (mwaka uleule wa yule daktari wa Melbourne) ilipoharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, baadhi ya watu hawakuacha. Walihamishia kisu kwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, ambako mwenyekiti wa kijiji haoni. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa mtu mzima na asijue kama alikatwa mpaka ashike kioo. Ukiona mahali pa kikofia na kichwa pana kovu laini au bapa, au mashavu madogo hayapo, pengine ndivyo ilivyokuwa. Nesi wa kliniki ya uzazi anaweza kukuthibitishia.

Ulichoambiwa ni kwamba raha yako ilikatwa siku ile. Si kweli. Kisu cha ngariba huchukua kile kichwa, pengine na mashavu. Shina, miguu na yale mafundo yaliyoko ndani kwa kawaida hakiyafikii. Ufaransa kuna daktari, Pierre Foldès, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifungua kovu na kukisogeza nje kipande cha kinembe kilichobaki, na maelfu ya wanawake wamepita mikononi mwake. Simtaji ili uanze kutafuta nauli ya ndege. Namtaja kwa sababu upasuaji ule usingewezekana kama kungekuwa hakuna kilichobaki.

Kwa vitendo, hatua zote zinazofuata zinakuhusu, ukiongeza mambo haya. Bonyeza badala ya kusugua: weka kiganja chote juu ya kovu na kinena, kandamiza, zungusha polepole, ukitafuta kilichoko chini ya ngozi. Jaribu pembeni ya kovu, kulia na kushoto, kuliko katikati yake. Ndani ya uke, ukuta wa mbele, ule unaoelekea kitovuni, unapakana na sehemu ya kinembe iliyojificha. Baadhi ya waliokeketwa husikia zaidi hapo. Mpe mwili muda zaidi. Na ukishtuka, ukahisi baridi au hofu isiyo na sababu, simama. Mwili una kumbukumbu ambazo kichwa hakina. Kovu likiuma, likiwa na uvimbe, au kama mlango ulishonwa, hilo ni la hospitali: kufungua palipofungwa ni upasuaji mdogo, na mume asijaribu kuufanya kwa nguvu zake.

Hatua ya pili: acha kukitia ukeni unachokitia

Shabu ya kubana. Ugoro. Majani ya kujifukiza. Sabuni ya kipande, maji ya limao, vidole viwili vya kukwangua ndani mpaka pakavu. Vitu hivi vinauzwa kwa minong'ono na kila kimoja kina bibi aliyekisifia.

Uke hujisafisha wenyewe. Una bakteria walinzi wanaotunza uchachu wake ili wadudu wabaya wasistawi. Ukiwaosha au ukiwaunguza kwa shabu, unaikaribisha fangasi na harufu uliyokuwa unaikimbia. Ute ndio unaozuia michubuko. Ukiukausha, ngozi inachanika vichaniko usivyoviona, maumivu yanaanza, na njia ya virusi vya UKIMWI inakuwa wazi zaidi. Halafu uke mkavu uliobana mara nyingi ni dalili kwamba mwenye mwili hana ashiki. Mwanaume anayesifia ukavu anasifia kutokuwepo kwako.

Osha nje kwa maji, basi.

Wapo pia wanaoshauri mlenda na bamia ili kuongeza ute. Mlenda ule, nami naula, una faida zake mezani. Hakuna mfereji unaoutoa tumboni kuupeleka ukeni. Karanga mbichi na tikiti kwa asali ni hadithi ileile.

Hatua ya tatu: tafuta saa na komeo

Hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalopuuzwa na miongozo iliyoandikwa na watu wenye nyumba kubwa. Chumba na sebule Chang'ombe au Nkuhungu, watoto nyuma ya pazia, jirani unamsikia akikohoa juu ya ukuta ambao haukufika kwenye bati. Mume karudi kutoka kazini Mtumba saa mbili usiku, wewe ulikuwa sokoni tangu alfajiri. Mwili unaosikiliza hatua za mtoto hauwezi kujisikiliza wenyewe.

Kwa hiyo panga, kama unavyopanga vikoba. Jumamosi asubuhi watoto wakiwa kwa bibi yao. Mchana wa siku ya mapumziko. Saa ya kuoga, kama una bafu lenye mlango. Weka komeo la ndani kwenye mlango wa chumba, ni kitu cha bei ndogo kuliko wigi. Washa redio au feni. Wengine watakuambia raha ikipangwa si raha. Hao wana shamba boi.

Kuhusu hamu: usiisubiri. Daktari Rosemary Basson wa Kanada aliandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika ndoa za muda mrefu, hamu haianzi. Inafuata. Kwanza mtu anakubali kukaa karibu, anaguswa vizuri, mwili unaitika, ndipo kichwa kinasema kumbe nilikuwa nataka. Usijiite baridi kwa sababu hukuamka na moto. Lakini tofautisha: kukubali kuanza taratibu ni jambo moja, kuvumilia usichokitaka ni jingine, na hili la pili linaua hamu ya mwezi ujao.

Hatua ya nne: mkono wako mwenyewe

Ninajua hapa wapo watakaofunga ukurasa. Kama imani yako haikuruhusu kujichua, fanya hatua hii mume akiwepo, mkono wako juu ya wake au wake juu ya wako. Somo ni lilelile. Kiafya kujigusa hakuleti ugumba wala hakumalizi hisia.

Lala chali, mto chini ya magoti. Usianzie chini. Pitisha viganja shingoni, kifuani, tumboni, ndani ya mapaja, kwa uzito tofauti: kama kitambaa kinapita, kisha kama unapaka mafuta, kisha kama unakanda unga. Unachotafuta ni habari. Wapi ngozi inasisimka? Chuchu zinapenda kuguswa au zinakera? Wapi unajikuta umeshusha pumzi?

Ukifika chini, weka kiganja chote juu ya kinena, utulie. Joto peke yake ni mguso. Kandamiza na kuachia. Mashavu makubwa yashike kwa vidole viwili, yabane taratibu, kinembe kikiwa kati yake kimefunikwa. Kwa wengi, kichwa kikiguswa moja kwa moja mwanzoni kinawasha au kinauma. Kidole kipite juu ya kikofia, au pembeni. Jaribu mduara. Jaribu juu-chini. Jaribu upande wa kushoto, kisha wa kulia: wanawake wengi wana upande wao na hawajui mpaka wajaribu. Jaribu kidole kimoja kikae tu, kisitembee, wewe ukisogeza nyonga.

Kidole kikikauka, chovya kwenye ute wako ulioko mlangoni. Kama hautoshi, tumia kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, au kama hakuna kondomu inayohusika, mafuta safi ya nazi. Mate hukauka haraka.

Unapokuta mguso unaokufaa, usiubadilishe. Hapa ndipo wengi, wanawake na wanaume, wanaharibu: raha ikianza kupanda wanaongeza kasi na nguvu. Mwili ulikuwa unasema endelea vilevile. Kaa kwenye mwendo ule, pumua, subiri. Mawazo yakikimbilia ada ya shule, yarudishe kwenye kidole bila kujigombeza.

Ukitaka kujua na ndani, ingiza kidole kikiwa na ute, kikunje kidogo kuelekea kitovuni, kandamiza ukuta wa mbele sentimita chache kutoka mlangoni. Baadhi husikia raha nzito hapo, baadhi husikia mkojo, baadhi hawasikii chochote, na wote wako sawa.

Siku ya kwanza usitafute kufika. Fanya tena siku nyingine.

Hatua ya tano: pumzi na nyonga

Misuli inayozuia mkojo ndiyo inayobana na kuachia mtu akifika kileleni. Ibane kwa hesabu ya tano, iachie kwa hesabu ya tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya ndani ya daladala na hakuna atakayejua. Kuachia kuna umuhimu sawa na kubana; na kama tatizo lako ni kwamba uke unajifunga wenyewe, usifanye kubana kabisa, fanya pumzi ndefu ya tumboni huku ukilegeza. Kushikilia pumzi kunawasaidia wachache sekunde za mwisho. Kwa wengine kunakatisha kila kitu.

Hatua ya sita: mwambie

Si kitandani, na si siku ambayo ametoka kukuudhi. Mnapotembea kurudi kutoka kanisani, au mmekaa nje jioni mnamenya karanga na watoto wako mbali, ndiyo saa yake. Anza na kilichokufurahisha.

"Baba Neema, juzi uliponishika taratibu kule juu nilisikia raha sana."

"Kwani siku nyingine husikii?"

"Nasikia, mume wangu. Ila pale nasikia zaidi. Leo nataka uanzie pale, halafu usiwe na haraka. Nitashika mkono wako nikuoneshe."

Angalia mke alivyolikwepa lile swali. Hakusema "hapana, sijasikia lolote kwa miaka sita," ingawa pengine ndivyo ilivyo. Mwanaume akihisi amepewa matokeo ya mtihani hasikii sentensi inayofuata.

Jiandae na swali la pili, ambalo hapa kwetu halikosi: nani kakufundisha? Jibu bila kutetemeka kwamba umesoma, na mwili ni wa kwako. Mpe simu asome mwenyewe. Kwa wanandoa Wakristo, Wakorintho wa Kwanza sura ya saba inataja haki ya mke kwa mume kama inavyotaja ya mume kwa mke. Kwenye semina za ndoa mstari huo husomwa nusu. Na kama jibu lake kwa maneno haya ni kofi, tatizo lililoko nyumbani si la raha tena. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto.

Hatua ya saba: mkiwa wawili

Hesabu ziko hivi. Utafiti wa 2005 uliopima kwa saa katika nchi tano ulikuta muda wa katikati wa mwanaume tangu kuingia hadi kumwaga ni dakika 5.4. Utafiti mwingine, wa 2020, ulikuta wanawake huchukua wastani wa dakika 13 na ushee kufika, tena zikihesabiwa tangu ashiki imeshapanda. Nguo kuvuliwa hakuhesabiki. Mwanaume wako hana kasoro na wewe huna kasoro. Mpangilio ndio mbovu. Mkianza na kuingia, safari yake inaisha wewe bado uko stendi.

Geuzeni mpangilio. Muandaane mpaka uke ulowe wenyewe na wewe umvute, ndipo aingie. Au ufike kwanza kwa mkono wake, yeye afuate. Au aingie huku mkono wako uko kwenye kinembe; ni mkono wako, hauhitaji ruhusa.

Wahaya wa Bukoba wametaniwa nchi nzima kwa katerero, na majirani zao Wanyarwanda wana yao, kunyaza. Ondoa utani uone kinachofanyika: mwanaume anashika uume na kuupigapiga na kuupitisha juu ya kinembe na mashavu, kwa mwendo mmoja, kwa muda mrefu, kabla ya kuingia na katikati ya kuingia. Walikuwa wanalenga mahali sahihi muda mrefu kabla ya michoro ya Melbourne. Maji yanayotoka kwa baadhi ya wanawake yana sehemu ya mkojo na sehemu ya majimaji ya tezi ndogo zilizoko kando ya njia ya mkojo. Si uchafu, na yasipotoka hujapungukiwa. Tandika kanga ya ziada, muendelee.

Mikao: wewe juu, umeinamia mbele, kinena chako kikisuguana na chake, mwendo wa kwenda mbele na nyuma badala ya kupanda na kushuka. Au yeye juu lakini amesogea juu zaidi kuliko kawaida, akikandamiza na kuzungusha bila kuchomoa. Au wote ubavu, yeye nyuma yako, mkono ukiwa huru mbele. Mdomo nao ni njia mojawapo, kama wote mnaridhia na hakuna kidonda mdomoni wala sehemu za siri. Asiyependa asilazimishwe.

Kama mnatumia kondomu, mafuta ya alizeti, ya nazi na ya mgando yote yanaichana. Hapo ni kilainishi cha maji tu. Na kidole au uume uliogusa nyuma usirudi mbele kabla ya kuoshwa.

Ukifika, misuli ya nyonga inabana na kuachia yenyewe mara kadhaa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, halafu mwili unalegea. Wengine wanapiga kelele, wengine wanakaa kimya kabisa, wengine wanalia na wala hawana huzuni. Kwa mwanamke yuleyule siku moja ni mtikisiko, siku nyingine ni msisimko mdogo tu. Mara nyingine hufiki na tendo lilikuwa tamu vilevile. Ambacho usifanye ni kuigiza. Ukiigiza leo, umemfundisha kwa vitendo kwamba alichokosea ndicho cha kurudia.

Mambo yakigoma

Ukavu au hamu kupotea ghafla kuna sababu zinazojulikana: kunyonyesha, kukaribia kukoma hedhi, kisukari, baadhi ya dawa za presha na za sonona, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Usiache dawa kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia, mbadala upo. Uchovu na ugomvi usiosuluhishwa navyo ni sababu, na havina kidonge.

Maumivu ni jambo jingine. Mwanamke hakuumbwa kuumia kila akiguswa. Maumivu ya mlangoni yanaweza kuwa fangasi, ukavu, kovu la kuongezewa njia wakati wa kujifungua, au misuli inayojifunga kwa hofu. Maumivu ya ndani kabisa yanaweza kuwa maambukizi ya kizazi au uvimbe. Damu baada ya tendo haisubiri mwezi ujao. Omba na kipimo cha shingo ya kizazi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, Makole kwa walio mjini. Kutoka hapo rufaa inakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, ambako kuna madaktari bingwa wa wanawake. Kama kinachozuia ni kumbukumbu ya kubakwa au ya kukeketwa, Mirembe, hospitali ya afya ya akili, wana wataalamu wa kuzungumza nawe. Najua Dodoma ukitaja Mirembe watu wanacheka. Wacheke, wewe nenda.

Ukifika mbele ya daktari usiseme tumbo linauma, kama wengi wanavyofanya, maana utapimwa mkojo, utapewa dawa za yutiai na kurudi nyumbani na shida yako. Sema: "Naumia wakati wa tendo la ndoa," au "Sina hisia," au "Nilikeketwa, nataka uangalie kovu." Taja ni mlangoni au ndani, tangu lini, na dawa unazotumia. Kama ni daktari wa kiume na huwezi, omba wa kike au omba nesi awepo. Akikujibu kwamba wanawake wote ndivyo walivyo, chukua cheti chako uende kwa mwingine.